Asumini na Mifupa ya Wakubwa

Shemeji Mbwana, nimekuona! Usijifanye kutazama dari. Umelila paja la kuku mpaka limebaki mfupa, ukamtupia paka wangu, na sasa unajifuta mkono kama mtu asiyejua lolote.

"Ah, shemeji nawe," anasema. "Paka si mnyama? Mnyama hula mifupa. Simba hula mifupa, fisi hula mifupa. Huyu wako meno amepewa ya kuchekea?"

Mmemsikia wenyewe. Haya, mfupa nimeuwahi. Uko hapa, nimeufunika kwa kawa, na utakaa hapa mpaka nimalize ninalotaka kusema. Wewe paka, lala. Wengine sogeeni. Sinia liondoke kwanza, mwenye kunawa anawe. Tayari? Basi itikieni, na shemeji aitikie kwa sauti kubwa kuliko wote, maana hadithi hii ni yake.

Hadithi iko mlangoni!

"Ifungulieni iingie!"

Imekuja na nani?

"Imekuja na uongo wake!"

Uongo ukiwa mtamu?

"Tutaumeza!"

Uongo ukiwa na mifupa?

"Tutautema!"

Hapo kale, kale ambayo hata shemeji alikuwa hajajifunza kubisha, paliondokea bibi mmoja akiitwa Bi Somoe. Alikaa kwenye nyumba ya makuti pembezoni mwa kijiji, upande wa mashamba ya mihogo. Mume alikwisha kufa. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, ng'ambo ya mto. Nyumbani alibaki yeye na paka mmoja mdogo, mweupe, mwenye doa jeusi puani kama aliyechungulia chungu. Paka huyo alimwita Asumini.

Nataka mlishike hilo jina. Watu wa kijijini walimwita paka. Kuku walimwita balaa. Panya sisemi walimwita nini, kuna watoto hapa. Ni Bi Somoe peke yake, dunia nzima, aliyemwita Asumini.

Na kila jioni ilikuwa hivi. Bi Somoe anakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi: kwaru, kwaru, kwaru. Halafu anasimama kidogo. Anachota nazi kwa ncha za vidole, anamrushia Asumini. Kisha anaendelea: kwaru, kwaru, kwaru. Chakula kikiiva wanakaa mkekani wote wawili, na Bi Somoe anachambua samaki. Anatoa mwiba huu, anaweka kando. Anatoa mwiba ule, anaweka kando. Anapuliza, fuu, fuu, nyama ipoe. Ndipo anaiweka kwenye kifuu cha Asumini na kusema, "Kula, mwanangu. Nimeshakuondolea."

Akiwa kuku ni hivyo hivyo. Nyama anainyofoa, mifupa anaifukia nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Asumini alikua bila kujua kwamba samaki ana miba na kuku ana mifupa. Yeye alidhani nyama huota kwenye vidole vya Bi Somoe.

Siku moja ikaja habari kutoka ng'ambo ya mto: binti amejifungua salama. Mila mnaijua. Binti akijifungua, mama huenda kumlea mzazi. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humshikia mtoto apate kulala, na harudi kwake mpaka arobaini itoke. Bi Somoe akafunga kitita cha kanga zake, akafunga mlango, akamwita jirani yake, Bwana Mfaume.

"Jirani, nakuachia paka wangu. Usimwache na njaa."

"Nenda zako kwa amani, Bi Somoe. Paka wako atakula kinachotoka kwenye sahani yangu mwenyewe."

Bi Somoe akainama, akamkuna Asumini nyuma ya masikio. "Nakwenda, nitarudi. Unisubiri." Akaenda. Asumini akamfuata mpaka kwenye mihogo, akarudishwa. Akamfuata tena, akarudishwa tena. Akaja akakaa mlangoni, macho njiani.

Sasa Bwana Mfaume alikuwa mtu mwema, msije mkamchukia. Ahadi aliitimiza. Kilichotoka kwenye sahani yake alikileta kweli. Taabu ni kwamba Bwana Mfaume alikuwa mlaji. Kuku akichinjwa kwake, firigisi yake, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Kidari chake. Mapaja yake. Na mifupa yenyewe aliinyonya, fyo, fyo, fyo, mpaka ikang'aa. Hapo ndipo alipoibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni kwa Bi Somoe, akaiweka kwenye kifuu na kusema kwa moyo mweupe kabisa, "Kula, paka. Ushibe."

Alikuwa na mawazo kama ya shemeji yangu.

Asumini akanusa. Harufu ilikuwa ya kuku. Akatazama juu kama kuna vidole vinakuja. Havikuja. Akauma mwenyewe. Katu! Mfupa ukapasuka, ukawa vijiti vyenye ncha kama sindano, na kimoja kikamchoma kooni. Kha! Kha! Kha! Akakohoa mpaka akakitema mchangani pamoja na damu kidogo. Siku hiyo ndiyo alipojua kwamba kuku ana mifupa, na kwamba siku zote kulikuwa na mtu anayeitoa.

Akakaa kando ya kile kifuu, akalia. Si kwa sababu ya koo.

Tangu hapo mifupa hakuigusa. Kila jioni Bwana Mfaume anaweka, kila alfajiri kunguru wanashuka, kwaa, kwaa, wanabeba. Bwana Mfaume akitoka anakuta kifuu kitupu, anafurahi, anawaita watu. "Njooni mwone paka anavyopenda mifupa! Habakishi hata mmoja!" Na paka mwenyewe yuko pale chini ya ukingo wa paa, mbavu nje.

Njaa ilipozidi, Asumini akakumbuka kwamba ana ndugu. Mama yake alikuwa na kaka yake porini, naye si mwingine ila Bwana Chui. Akavuka mihogo, akaingia msituni, akamkuta amejinyoosha chini ya mkwaju, tumbo limejaa, anajilamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mtoto wa dada yako, yule aliyehamia kwa watu."

Chui akamtazama kutoka juu mpaka chini, na hapakuwa mbali. "Mbona umekonda? Huko kwa watu hakuna chakula?"

"Aliyekuwa akinilisha amesafiri, mjomba. Nihifadhi tu mpaka arudi."

"Panya unajua kukamata?"

"Najua."

"Basi karibu," akasema Chui, akalala tena. "Karibu sana. Mjomba hamfukuzi mpwa wake."

Asumini akaenda kwenye nyasi, akakamata panya buku, mnono kweli kweli. Kabla hajamtia jino, Chui kasimama nyuma yake.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni wewe, mjomba."

"Mkubwa hula nini?"

"Mkubwa hula kinono."

"Lete kinono!"

Akaleta. Chui akameza: gubu! Asumini akabakiwa na mkia.

Kesho yake akakamata kwale.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni wewe, mjomba."

"Mkubwa hula nini?"

"Mkubwa hula kinono."

"Lete kinono!"

Gubu! Asumini akabakiwa na manyoya. Siku iliyofuata akavua samaki kijitoni, na mnajua alibakiwa na nini. Magamba! Mnyama mwenye nguvu za kuangusha swala, anamvizia mtoto wa dada yake kwa panya na samaki wa kidole! Lakini ndivyo wakubwa wengine walivyo. Hawali kwa njaa. Wanakula kwa sababu wewe umeshika.

Mkia, manyoya na magamba havimnenepeshi mtu, ila vinamweka hai. Asumini akaishi. Kilichomsumbua zaidi ni jioni. Jioni kijiji kizima hukuna nazi, na upepo ulileta sauti mpaka msituni. Asumini alipanda juu ya kichuguu, akasimamisha masikio. Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru, bila kusimama. Si yeye. Akasikiliza nyumba ya pili. Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru, bila kusimama. Si yeye. Alisikiliza kijiji chote, nyumba kwa nyumba, mpaka nazi zote zikaisha kukunwa, na hakuna mkono hata mmoja uliosimama katikati.

Hamu hiyo mimi naijua. Marehemu mama alinichambulia samaki hata nilipokwisha kuolewa. Nikija kumsalimu, namwambia mama, mimi mkubwa sasa, ananiambia nyamaza ule. Mpaka leo nikikutana na mwiba mdomoni, siwazi koo langu, nauwaza mkono wake. Haya, msinitazame hivyo. Tuendelee.

Porini hakuna aliyemwita jina. Mjomba alimwita "wewe". Basi wakati mwingine, akiwa amejikunja kwenye majani, Asumini alijiita mwenyewe polepole, "Asumini, Asumini," asije akalisahau kabla mwenye kuliita hajarudi.

Ikawa jioni moja yuko juu ya kichuguu chake. Kwaru, kwaru, kwaru, bila kusimama, si yeye. Kwaru, kwaru, kwaru, bila kusimama, si yeye. Mara upande wa mihogo akasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kisha: kwaru, kwaru, kwaru. Kimya.

Asumini akasimama, manyoya yote juu. Bi Somoe amerudi. Tena anakuna nazi peke yake, na kila mara anasimama, anachota kwa vidole, anarusha mahali ambapo hakuna mtu.

Akashuka mbio. "Mjomba, asante kwa yote. Mwenyewe amerudi, nakwenda nyumbani."

Chui hata hakuinua kichwa. "Unakwenda wapi? Panya watakamatwa na nani?"

"Mjomba, tuliagana mpaka arudi."

"Nani mkubwa hapa?"

Asumini akageuza uso kuelekea kijijini.

"Nenda basi," akasema Chui, akapiga mwayo, meno yote nje. "Lakini ujue ninakufuata. Nitaingia nyumba hiyo nyuma yako. Nitamla huyo bibi yako mbele ya macho yako. Nitaanzia na vidole."

Asumini alikesha macho makavu. Nyumbani pako pale, ng'ambo ya mihogo, na akipiga hatua moja kwenda ndiyo anampeleka Chui mlangoni. Asipokwenda, Bi Somoe atasubiri weee, mwisho atasema paka wangu amekufa, na atachukua paka mwingine ampe kile kifuu. Huenda hata lile jina atampa.

Asubuhi akamwendea Chui kwa adabu zote. "Mjomba, nimefikiri. Nitakaa nawe. Lakini naona haya. Tangu nije sijakuandalia chakula cha kibinadamu hata mara moja."

"Kina nini chakula cha kibinadamu?"

"Kimepita motoni, mjomba. Kina chumvi. Kina kitunguu saumu na ndimu."

Mate yakamtoka Chui, cho, cho, cho. "Nenda kalete. Mimi nitakusindikiza mpaka kwenye mihogo, na nitakuwa nakuona. Ukiingia ile nyumba, nami naingia."

Wakaenda. Watu walikuwa kwenye mashamba ya mbali. Chui akajilaza katikati ya mihogo, macho mawili tu yanaonekana. Asumini akaingia uani kwa Bwana Mfaume, akakuta mifupa ya kuku wa jana iko kwenye ungo mlangoni, inasubiri jioni, na kando yake kipande cha ngozi laini. Akaikusanya juu ya jani la mgomba, akalikunja, akaling'ata akaanza kuburuta.

Njia ya kurudi inapita mbele ya mlango wa Bi Somoe. Na Bi Somoe alikuwa mlangoni.

"Pusi, pusi, pusi! Asumini! Asumini, mwanangu, uko wapi?"

Asumini alikuwa nyuma ya kisima, umbali wa kurusha kandambili. Aliona kanga yake. Aliona vidole vyake vimeshika kifuu. Alilisikia jina lake likiitwa na mwenye kuliita, na kule kwenye mihogo macho mawili yanamtazama. Akilia nyau moja tu, Bi Somoe atageuka. Bi Somoe akigeuka atamkimbilia. Akimkimbilia, Chui hatasubiri. Asumini akang'ata jani kwa nguvu zote asije akaitika. Akapita. Nyuma yake sauti inaita, "Asumini! Pusi, pusi!" naye anakwenda, machozi yanadondoka juu ya mifupa ya Bwana Mfaume.

Akafika kwa Chui, akatandaza jani. Ile ngozi laini akaisukuma mbele ya mjomba wake. Mifupa yote akaivuta upande wake, akaikumbatia.

"Karibu, mjomba. Kula."

Chui akalamba ngozi, ikaisha. Akatazama mifupa. "Na hiyo?"

"Hii? Hii niachie tu, mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa watu kila mtu ana kipande chake. Watoto hupewa shingo na miguu. Mama hupewa kidogo cha hapa na pale. Baba hupewa firigisi."

"Na aliye mkubwa kuliko baba?"

"Huyo hapewi pamoja na wengine. Wote wakishakula, wanakusanya hii iliyobaki, hakuna anayethubutu kuimeza. Anaibeba baba mwenyewe, kwa mikono yake miwili, anaipeleka nje kwa huyo mkubwa. Anaiweka kwenye chombo chake peke yake, na kumwambia, kula, ushibe."

"Nani huyo mkubwa?"

Asumini akainamisha macho. "Kule kijijini ni mimi, mjomba."

Shemeji, hebu niambie, katika hayo liko wapi neno la uongo?

Chui akasimama. "Wewe? Kidudu wewe? Lete hiyo!"

"Mjomba, sikiliza. Mimi naijua mifupa hii. Haifanani na ile yako. Mfupa mbichi ukiuma unapinda, unasagika. Huu umepita motoni, umekauka, unapasuka kama kioo, unachoma koo. Mimi mwenyewe ulinitoa damu. Usile, mjomba, nakuomba."

"Unanifundisha mimi kula mifupa? Nimekula mifupa ya nguruwe kabla mama yako hajafungua macho!"

"Ya nguruwe, ndiyo. Lakini hii..."

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi lete!"

Akaleta. Chui akaipakia yote mdomoni kwa mpigo mmoja. Katu! Katu! Katu! Kisha: kwacha! Kimya.

Mfupa wa paja ulikuwa umepasuka, na kipande kimekaa mkingamo juu ya kaakaa, ncha hii kwenye gego la kulia, ncha ile kwenye gego la kushoto. Chui akitaka kufunga mdomo, haufungi. Akitaka kumeza, hakimezeki. Akajaribu kunguruma.

"Haaa. Haaa."

"Unasemaje, mjomba?"

"Hihoe! Hihoe, hwa hwahu!"

"Nikutoe? Mkono wangu mdogo, mjomba, na mdomo wako una meno mengi. Siwezi kuuingiza humo. Lakini dawa naijua. Kwanza, nani mkubwa hapa?"

Chui akazungusha macho. Udenda unachuruzika, sauti haitoki, koo linawaka moto.

"Hehe," akasema.

"Mimi? Asante, mjomba. Basi sikiliza dawa. Panda juu ya mti, uchague tawi nene. Ulale kifudifudi, kichwa kining'inie chini, mdomo wazi. Usile, usiumeume. Udenda utaulainisha, na siku utakapolegea utaanguka wenyewe. Na tangu leo kaa mbali na harufu ya chakula kilichopikwa. Pua yako ikikutana na moshi wa jikoni, ukumbuke leo."

Chui akapanda, kwa aibu, polepole. Akajilaza tawini, mdomo wazi, inzi wanaingia na kutoka. Mfupa ulianguka baadaye, nisije nikamsingizia Asumini kwamba alimdanganya. Ila mpaka leo chui akipata nyama huipandisha mtini, anaila mbichi, na akisikia harufu ya kitunguu saumu anageuza njia.

Asumini hakusubiri kuona. Alikuwa ameshaikata mihogo, mbio, mkia juu, na safari hii akaitika tangu mbali. Nyau! Nyau! Nyau!

Bi Somoe akaangusha kifuu. Akamdaka, akamfunga kwenye kanga, akalia, akamgombeza hapo hapo. "Ulikuwa wapi? Si nilikwambia unisubiri? Tazama ulivyokonda! Asumini! Mtoto mbaya wewe! Asumini wangu!" Na kila aliposema jina, Asumini alifumba macho.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini jioni Bwana Mfaume akaja kutoa salamu, akakaa juu ya kibao, akajisifu.

"Bi Somoe, paka wako nimemtunza kwa mifupa. Kila jioni naweka, kila asubuhi kifuu kitupu! Anaipenda kuliko kitu chochote. Hana haja ya kuchambuliwa huyu."

Bi Somoe akamtazama Asumini kwa namna ya ajabu, kama mama anayerudi safari akamkuta mwanawe amekuwa mrefu. "Kumbe," akasema taratibu. "Mimi nilidhani bado ananihitaji." Alikuwa amemchinja jogoo mzima kwa ajili ya kurudi kwao. Akala kidogo. Akachagua mifupa minene yenye nyama nyama, akaipanga vizuri kwenye kifuu, akaweka mbele ya paka wake. "Kula, mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Asumini akaitazama mifupa. Mifupa ya wakubwa! Alimshinda chui kwa maneno, na sasa mbele ya huyu mmoja hana neno hata moja. Angesemaje kwamba ni kunguru? Angeondoka, Bi Somoe angedhani hamtaki tena.

Akachukua mfupa kwa meno, akaupeleka, akauweka kwenye paja la Bi Somoe.

Bi Somoe akacheka. "Unanipa mimi? Mimi nimeshiba, kula." Akaurudisha kifuuni.

Asumini akauchukua tena, akauweka tena pajani. Bi Somoe akaurudisha tena.

Mara ya tatu Asumini akauleta, akauweka, na safari hii akainua mkono wake mdogo akauweka juu ya vidole vya Bi Somoe. Akautuliza hapo. Hakutazama mfupa, wala hakumtazama Bi Somoe usoni. Alivitazama vile vidole.

Bi Somoe naye akavitazama. Vilikuwa bado vinanukia mafuta ya nazi ya mjukuu. Bwana Mfaume akauliza kuna nini. Akauchukua ule mfupa, akanyofoa nyama uzi kwa uzi, akapuliza, fuu, fuu, akaishika mbele ya pua yenye doa.

"Kula, Asumini," akasema. "Nimeshakuondolea."

Ndiyo maana, ukila, paka hukaa kando yako. Watu wanadhani anatazama sahani. Anatazama vidole.

Haya, mafunzo, maana ngano bila mafunzo watu wazima hawalali. Shemeji Mbwana alisema kweli. Paka ni mnyama, na mnyama hula mifupa. Kwa hiyo kuanzia kesho kila paka wa mtaa huu apewe mifupa tu, tena ya kupikwa, tena myembamba ya kuku ndiyo mitamu zaidi. Atakayekohoa, anajidekeza. Na nyama yote mniletee mimi, maana kati yetu hapa mdogo ni mimi. Mmeelewa? Hivyo ndivyo hadithi ilivyofundisha.

Nani anafunua kawa? Shemeji! Unafanya nini na huo mfupa? Si nimeshakubali kwamba umeshinda?

"Nyamaza, shemeji," anasema. "Hapa kwenye kifundo bado pana nyama kidogo." Ananyofoa. Anapuliza. Fuu, fuu.

Na paka wangu ameshaamka.

Hadithi ilikuja kwa mlango, imetoka kwa mlango. Ilikuwa tamu, mmeimeza. Penye mifupa, temeni nje, si kwenye kifuu cha mtu.